Mchapakazi anayetetemeka akishika maiki: agombee udiwani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa Igombe, hapa Ilemela. Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaoanika na kuuza dagaa. Wenzangu wananisukuma nigombee udiwani uchaguzi ujao. Kazi naiweza, na hesabu za kikundi hazijawahi kuleta ugomvi. Tatizo ni mdomo. Nikipewa maiki mikono inatetemeka, sauti inakauka, na Kiswahili changu kina Usukuma mwingi. Anayetajwa kushindana nami ni kijana mwenye maneno, akipanda jukwaani anavunja watu mbavu. Wazee wanasema chema chajiuza. Je, kiongozi wa siasa lazima ajue kuhutubia, au kazi yake itamsemea? Na kama ni lazima, mtu wa umri wangu anaweza kujifunza?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na hilo la wazee, maana naona ndilo linalokufariji, na mimi sitaki likufariji. Chema hujiuza pale mnunuzi anapoweza kukishika na kukinusa. Dagaa wako wakiwa wakavu, hawana mchanga, mfanyabiashara aliyetoka Kongo kununua mzigo pale soko la Mwaloni Kirumba hahitaji hotuba yoyote. Udiwani haunuswi. Mpiga kura anaombwa atoe kura leo kwa kazi itakayofanywa miaka mitano ijayo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hataiona kwa macho. Ataisikia tu, kutoka kwako au kutoka kwa watu wanaokusema.

Kwa hiyo ndiyo, ni lazima. Ila nadhani wewe na mimi hatumaanishi kitu kimoja tunaposema kuhutubia.

Tazama diwani ana nini mkononi. Hasaini hundi za halmashauri. Mtendaji mkuu ni mkurugenzi. Mkandarasi akiacha mtaro nusu, diwani peke yake hawezi kumfukuza. Dawa zikiisha zahanati, hana stoo ya kufungua. Alichonacho ni kiti kwenye baraza la madiwani, anapouliza, anapochangia na kupiga kura. Ana uenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Na ana haki ya kusimama mbele ya wananchi na kusikilizwa. Ukiacha kura yenyewe, yote hayo hufanywa kwa mdomo. Wewe kwenye kikundi umeweza kufanya kazi kimya kimya kwa sababu daftari na sanduku la fedha viko kwako. Diwani hana sanduku. Asipouliza vizuri, kata yake haipati kitu, hata awe mchapakazi wa namna gani.

Wakoloni waliujua uzito wa jambo hili. TANU ilipoanza mwaka 1954, haukupita muda ikanyimwa usajili wa matawi yake huku kwetu, Jimbo la Ziwa, na zuio hilo likadumu hadi 1958. Mwaka 1957 Julius Nyerere mwenyewe akapigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara kwa miezi kadhaa. Hakuwa na bunduki ya kunyang'anywa, wakamnyang'anya jukwaa. Na wala usidhani habari hizo ziliisha na ukoloni. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa nchini mwaka 2016, na zuio likaondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Januari 2023. Mwezi huohuo Chadema wakaja kufungua mikutano yao hapahapa Mwanza, uwanja wa Furahisha. Unaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu pande hizo mbili, lakini kitu ambacho watu wazima wanakizuia na kukigombania kwa miaka sita hakiwezi kuwa pambo.

Sasa tuingie kwenye tofauti yetu. Wewe ukisikia kuhutubia, unaona jukwaa, spika mbili kubwa, jenereta, wapambe na kijana wako anayechekesha. Hiyo ni kampeni. Inachukua wiki chache, kisha inakwisha. Miaka mitano inayobaki diwani hahutubii sana: anajibu. Anajibu kwenye mkutano wa mtaa, kwenye kamati, msibani, mwaloni mitumbwi inapotia nanga, kwenye simu saa tano usiku. Uhodari wa kusema ambao kata inauhitaji ni ule wa kujibu swali gumu, mbele ya watu waliokasirika, bila kudanganya na bila kukimbia. Huo hupimwa kwa nadra sana jukwaani, ndiyo maana tunachagua wachekeshaji halafu tunashangaa wakitoweka.

Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tuna udhaifu wetu hapa, tuseme ukweli. Tumelelewa na mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, ambako pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja na mshindi ni yule aliyevuta umati. Nenda Bujora msimu wa sikukuu ya Bulabo uone watu wanavyohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, bila haya. Ni raha kubwa, na kwa ngoma ni kipimo cha haki kabisa. Wagombea wanalijua hilo, ndiyo maana wanakodi ngoma kabla ya mkutano. Kisha wanaangalia umati uliokuja kumwona mcheza chatu na kuuita wapiga kura. Huyo kijana wako amepata umati. Kura bado hazijahesabiwa.

Nikupe mfano wa mazungumzo ninayoyasifia. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba Usukumani walikuwa na shaka na mizani ya wanunuzi. Kila mtu alijua uzito wa mzigo aliobeba kichwani, na kila mtu aliona karatasi ikisema uzito pungufu. Kijana mmoja wa hukuhuku, Paul Bomani, pamoja na wenzake, wakazunguka vijijini wakizungumza na wakulima hao, na mazungumzo yao yalianzia hapo, kwenye mizani. Hawakuanza na uhuru wala na haki za binadamu. Mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa ushirika wa Victoria, VFCU, ambao baadaye ulikuja kujulikana kwa jina la Nyanza, na Bomani akaja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru. Kilichoniteka katika habari hiyo ni kwamba msikilizaji hakuhitaji kuamini chochote kigeni. Aliambiwa jambo analolijua, kisha akaonyeshwa hatua moja ya mbele: tuweke watu wetu wa kupima.

Wewe una mizani yako. Unajua gunia la dagaa linapungua kiasi gani mvua ikinyesha siku ya kuanika. Unajua chanja inagharimu kiasi gani na akina mama wangapi bado wanaanika mchangani kwa sababu hawana hela ya mbao na wavu. Anza hapo. Mgombea anayesema "nitaboresha uchumi wa wanawake" anasahaulika kabla hajashuka jukwaani. Anayesema mama akianika mchangani anauza kwa bei ya chakula cha kuku, na akianika kwenye chanja anauza kwa bei ya chakula cha watu, huyo atanukuliwa sokoni kesho yake.

Kuhusu Usukuma kwenye Kiswahili chako, sina mengi. Acha kama ulivyo. Wapiga kura wako nao wanaongea hivyohivyo, na mtu anayejikaza kutamka kama mtangazaji wa redio huonekana anaficha kitu. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza wanawake wa TANU tangu 1955, alisoma miaka michache tu. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba huko Dar es Salaam, na aliwafikia wanawake kupitia vikundi vyao vya ngoma. Unamfahamu pia Mama Getrude Mongella, wa Ukerewe, ng'ambo ya maji tu kutoka hapo ulipo. Alianza kama mwalimu. Mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Wote wawili walitoka mahali ambapo walikuwa tayari wamezoea kusimama mbele ya watu: mmoja ngomani, mwingine darasani. Na wewe unasimamia mikutano ya kikundi. Huko hutetemeki, sivyo? Basi tatizo lako ni maiki na wageni. Mdomo hauna kosa.

Ngoja nikuonyeshe kujibu kunakuwaje, maana hapa ndipo nataka utumie nguvu zako. Mama mmoja anasimama mkutanoni, anauliza: "Ile mikopo ya halmashauri mnaitangaza kila siku, mbona sisi hatuioni?" Kuna jibu ambalo umelisikia mara nyingi: Serikali yetu sikivu inaendelea kuboresha mazingira, mchakato uko mbioni, naomba mvute subira. Watu wanapiga makofi ya adabu, mama anakaa chini akiwa hajui zaidi ya alivyojua aliposimama.

Jibu lingine ni hili: "Mama, fungu hilo ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo ilisimamishwa nchi nzima ili utaratibu urekebishwe, baadaye ikarudi. Kikundi lazima kiwe kimesajiliwa. Cha kwenu kimesajiliwa? Kama ndiyo na mlikataliwa, sijui kwa nini. Nitauliza kwa afisa maendeleo ya jamii, na Alhamisi ijayo nitakuwa hapahapa saa kumi kukuletea jibu." Halafu Alhamisi uwepo. Hata kama jibu lenyewe ni baya.

Ona kwamba neno "sijui" limo ndani, na halijamdhalilisha aliyelisema kwa sababu limefuatwa na siku na saa. Wanasiasa wengi wanaogopa neno hilo kuliko wanavyoogopa kushindwa uchaguzi. Ona pia kwamba amemuuliza mama swali. Aliyezoea kujibu huuliza sana, kwa kuwa nusu ya maswali ya mkutanoni yamebeba swali jingine ndani yake.

Halafu kuna maswali ya mtego. Utaulizwa kuhusu makokoro, zile nyavu haramu za kukokota, hilo halikwepeki. Mvuvi atakuambia mbele ya wenzake: ukipata udiwani utatuzuilia hawa wanaokuja kuchoma nyavu zetu? Kijana wako mwenye maneno atasema ndiyo, na atashangiliwa. Diwani hana uwezo wa kuzuia sheria ya uvuvi, na kokoro linabeba samaki wachanga ambao mwakani wangekuwa kitoweo. Ukisema hivyo kavukavu utazomewa. Sema hivyo hata hivyo, lakini anza na hasara yake: nyavu ni mtaji, wengine waliuza ng'ombe kuzinunua, na aliyemuuzia nyavu haramu dukani hakuguswa. Kisha mwambie utakachoweza kukifanya kweli, labda kuuliza kwenye baraza kwa nini doria inaishia mwaloni na haifiki madukani. Utapoteza kura kadhaa pale. Ndiyo bei yake.

Kuna siku nyingine ambayo diwani hupimwa kwa kinywa chake, na naitaja kwa sababu unaishi kando ya maji. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara na watu zaidi ya 220 wakafa. Idadi ya waliokuwa ndani haikujulikana, uokoaji ulisimama usiku ulipoingia, na ndugu walikaa ufukweni wakisubiri. Waliokuwa watu wazima mwaka 1996 walikumbuka MV Bukoba, meli iliyozama ziwa hilihili. Katika saa kama hizo hakuna anayetaka hotuba. Watu wanataka mambo matatu: tunachokijua sasa, tusichokijua, na saa ngapi utarudi kutuambia tena. Kiongozi anayerudi kila saa moja, mahali palepale, hata kusema kwamba hakuna jipya, anazuia uvumi ambao ungeleta maafa ya pili. Anayejificha hadi awe na taarifa kamili anaacha kijiwe kiongoze. Mwenye haraka ya kuonekana jasiri anatangaza idadi ya kubuni, na kesho yake anaitwa mwongo na mama aliyepoteza watoto. Sauti inayotetemeka, siku hiyo, haimchukizi mtu yeyote.

Nigusie na upande wa giza, maana sitaki udhani kipaji cha kusema ni jambo jema tu. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya nchini Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano wa chama chake akasema Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa kupitia mto Nyabarongo. Alikuwa msomi na alijua kuzungumza. Nyabarongo humwaga maji Kagera, na Kagera huingia ziwa hili tunalovua. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, miili ya waliouawa ilishuka na mto hadi ziwani, na kule Uganda watu wa mwambao waliacha kula samaki kwa muda. Mugesera alirudishwa Rwanda kutoka Canada mwaka 2012, na mwaka 2016 mahakama ikamhukumu kifungo cha maisha. Kwa hiyo mgombea akichekesha, sikiliza anamcheka nani. Akianza kuwacheka wahamiaji, au kabila fulani, au wanawake wanaogombea (na hilo la mwisho utakutana nalo), hapo hakuna cha mzaha, na mtu mmoja inabidi aseme hivyo kwa sauti.

Basi, tuje kwenye kutetemeka. Umri wako hauna shida. Watu wazima nao hujifunza, tena wao wana ya kusema. Mikono ikitetemeka usishike karatasi, maana karatasi hutetemeka zaidi na kila mtu ataiona. Shika maiki kwa mikono miwili, kiwiko kigandamane na ubavu. Usianze kuongea ukiwa unatembea. Simama, vuta pumzi ishuke hadi tumboni, salimia, kisha nyamaza hadi salamu iitikiwe. Ule mwitikio unakupa nafasi ya kupumua mara ya pili. Kiti chako kisiwe karibu na spika, na usipite mbele yake na maiki iliyo wazi, la sivyo itapiga yowe na wewe utadhani wanakuzomea.

Usikariri hotuba nzima. Mwenye kukariri akisahau neno moja anapotea kabisa. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho, na katikati uwe na mambo matatu. Nyerere alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978, watu walishika vitu vitatu, uwezo, sababu na nia, na hadi leo mtoto ambaye wazazi wake hawakuwa wamezaliwa anaweza kuvitaja. Kama nchi nzima ilipelekwa vitani kwa mambo matatu, kata haihitaji tisa.

Chagua saa. Kampeni huruhusiwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na wagombea wa mjini hupenda jioni kabisa. Kwenu Igombe hiyo ni saa ambayo mitumbwi ya dagaa inajiandaa kutoka, na asubuhi akina mama wako juani wanaanika. Panga mikutano ya mwaloni siku za mbalamwezi, taa zinapokuwa hazivuti dagaa na wavuvi wapo nchi kavu, wameshalala wakaamka, wanatafuta pa kwenda. Mgombea asiyejua hilo atahutubia mbuzi.

Na anza sasa, kabla hujachukua fomu. Mkutano ujao wa kikundi, soma mapato na matumizi ukiwa umesimama, kwa maiki, hata kama mko watu wachache na maiki ni ya kuazima kanisani. Soma kwa dakika tano, kisha pokea maswali mara mbili ya muda huo. Mwambie mmoja wenu, yule mwenye mdomo mkali kuliko wote, aulize kwa ukali. Mwezi unaofuata mwalike mwenyekiti wa mtaa na wavuvi wachache, ili usizoee nyuso za wenzako peke yake. Rekodi kwa simu, usikilize ukiwa peke yako, na uhesabu ni mara ngapi umesema "kwa hiyo basi".

Mtihani wako wa kwanza, katika vyama vilivyo vingi, utakuwa kura za maoni za ndani ya chama, si uwanja wa hadhara. Utaingia ukumbini, upewe dakika chache kujinadi, wajumbe wakuulize swali moja au mawili, utoke. Hapo kijana wako atatumia dakika zake kuchekesha. Wewe taja jina lako, mtaa wako, kazi moja ambayo kikundi kimeifanya na fedha iliyopita mikononi mwako hadi shilingi ya mwisho, na jambo moja utakaloliuliza kwenye kikao cha kwanza cha baraza. Kisha sema "naomba maswali", na dakika zilizobaki ziwe zao.